Kazi iko Kentucky, nyumba je? Kuchagua mji ukiwa unasomesha watoto nyumbani

“Shikamoo mwalimu. Tunaishi Buffalo, New York, tangu 2017, na watoto wetu watatu nawafundisha mwenyewe nyumbani. Binti ana miaka 11. Wa pili ni mvulana wa miaka 8, alichelewa kusema na hadi leo maneno hayatoki vizuri. Anaonana na mtaalamu wa usemi mara mbili kwa wiki kupitia wilaya ya shule. Mdogo ana miaka 5. Mume wangu amepata kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege wa Cincinnati, anatakiwa aanze Aprili. Tumeambiwa uwanja wenyewe uko Kentucky ingawa jina ni la mji wa Ohio, na Indiana nayo haiko mbali. Dada mmoja kanisani anasema twende Indiana, huko hakuna sheria yoyote ya kusomesha nyumbani na nyumba ni nafuu. Mwingine anasema Lexington, maana Waswahili ni wengi. Mimi nimechoka na ripoti za New York. Lakini naogopa: elimu yangu iliishia sekondari kambini Nyarugusu na cheti sina, Kiingereza changu ni cha kuombea maji, na gari tunalo moja. Nimesikia pia Ohio wanachukua watoto wasioenda shule. Na tukihama, Kiswahili chao kitabaki? Tuchague mji gani?”

Marahaba, mama. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili ndipo nilipoona kwamba swali la mji umeliweka mwisho kabisa, baada ya hofu nne. Si wewe peke yako. Familia nyingi huniuliza mji, kumbe zinakimbia kitu: ripoti, ofisa fulani, theluji, hata mawifi. Kwa hiyo niruhusu nianze na hofu, kisha sheria, halafu ndiyo tufike kwenye mji. Nikianza na mji nitakujibu kama yule dada wa kanisani, na yeye hajakosea kwa nia mbaya.

Ohio haichukui watoto kwa sababu wanasomea nyumbani. Tangu 1993 jambo hili ni halali katika majimbo yote 50 ya Marekani, na Ohio ni mojawapo ya majimbo yaliyolilegeza zaidi miaka ya karibuni. Kinacholeta ofisa mlangoni ni kitu kingine: mtoto mwenye umri wa kwenda shule ambaye hayumo kwenye daftari la shule yoyote, na wala hakuna karatasi inayosema anasomea nyumbani. Kwa ofisa, huyo ni mtoro. Hajui kama asubuhi hii ulimfundisha kugawanya kwa mkono. Habari nyingi za “walichukua watoto wa fulani” ukizichimba utakuta mambo mengine mazito, au utakuta familia iliyohama jimbo moja hadi lingine ikadhani barua ya kule inatosha huku. Haitoshi. Na hapo ndipo kuna jambo la kulielewa vizuri kabla hamjafunga mizigo.

Serikali kuu ya Washington haina sheria ya kusomesha nyumbani. Kila jimbo limejitungia yake, na inayokuhusu ni ya mahali unapolala. Mumeo anafanya kazi wapi, kanisa lenu liko wapi, hilo haliingii. Uwanja wa ndege ule uko Hebron, Kentucky, ni kweli. Lakini mkilala Cincinnati, sheria yenu ni ya Ohio. Mkilala Covington, ni ya Kentucky. Mkilala Lawrenceburg, ni ya Indiana. Miji yote mitatu ni mwendo wa nusu saa au chini yake kwa gari hadi Hebron. Kati ya Cincinnati na Covington kuna daraja la kamba za chuma la Roebling, lililofunguliwa 1867, unalivuka kwa miguu kabla uji haujapoa. Mpaka haupiti katikati ya mto kama watu wanavyodhani, umesogea hadi karibu na ukingo wa Ohio, kwa hiyo ukisimama katikati ya daraja uko Kentucky tayari. Nalisema hili kwa sababu hakuna mahali pengi Marekani ambapo mtu anaweza kuchagua kati ya sheria tatu bila kubadili kazi. Ninyi mmepata bahati hiyo, ingawa naona imekuongezea mawazo.

Sasa tuzilinganishe, nikianza na unayoijua. New York inakutaka barua ya kusudio kabla ya Julai 1, mpango wa masomo wa kila mtoto, ripoti nne kwa mwaka, tathmini ya mwisho wa mwaka, na saa 900 za masomo hadi darasa la 6, kisha 990 kuanzia la 7. Ni mzigo, sitabisha.

Ohio ilibadilisha sheria yake mwaka 2023. Tangu Oktoba ya mwaka huo mzazi anaandika taarifa kwa msimamizi mkuu wa wilaya ya shule anakoishi: jina lake na anwani, majina ya watoto, na tamko kwamba watafundishwa masomo yanayotajwa na sheria, yaani lugha ya Kiingereza, hesabu, sayansi, historia, uraia na maarifa ya jamii. Taarifa hiyo huenda ndani ya siku 5 tangu mlipohamia wilayani au mlipoanza, kisha kila mwaka kabla ya Agosti 30. Msimamizi ana siku 14 za kukujibu kwamba ameipokea. Basi. Hakuna ripoti, hakuna mtihani, hakuna idadi ya saa.

Kentucky inahesabu nyumba yako kuwa shule binafsi ndogo. Unaandika barua kwa msimamizi wa wilaya ndani ya siku 10 za kwanza za mwaka wa masomo, unatunza daftari la mahudhurio, unaandika maendeleo ya mtoto kwa vipindi vilevile vya shule za umma, na unafikisha siku 170 au zaidi zenye jumla ya saa 1,062. Daftari hulipeleki popote, linakaa kwako, lakini likiulizwa liwepo.

Indiana kwa kawaida haikutaki hata barua. Hiyo ndiyo asili ya maneno “huko hakuna sheria”. Sheria ipo: siku 180 za masomo kwa mwaka, mahudhurio yaliyoandikwa, na mafundisho yanayolingana na yale ya shule za umma. Tofauti ni kwamba hakuna anayekuja kukuuliza mpaka pale anapokuja kukuuliza, na siku hiyo ndipo wazazi wasio na daftari hutambua kwamba uhuru wote ule ulikuwa juu ya mabega yao. Mimi binafsi, kwa mama ambaye Kiingereza hakijamkaa sawa, napendelea jimbo linalokupa karatasi. Jibu la wilaya ya Ohio lenye tarehe, ukiliweka kwenye bahasha, linakusemea mlangoni hata siku ambayo ulimi umegoma.

Kuhusu cheti chako: Ohio ilikuwa ikidai mzazi awe amemaliza sekondari, na sharti hilo limefutwa kwenye mabadiliko hayohayo ya 2023. Kentucky na Indiana hazidai. Pennsylvania, Georgia na North Carolina ni miongoni mwa zinazodai, kwa hiyo mtu akikuvuta Erie au Charlotte siku moja, hili likumbuke. Na Kiingereza cha kuombea maji hakijawahi kumzuia mama kufundisha hesabu. Nimemwona mama akifundisha sehemu za namba kwa chapati, nusu, robo, thumni, kwa Kiswahili tupu, na mtoto wake akafanya mtihani kwa Kiingereza akafaulu, kwa sababu robo ni robo.

Mpaka hapa inaonekana kama nakusukuma nje ya New York. Subiri.

Huyo mvulana wa miaka 8 ndiye anayebadilisha hesabu yote, na nashangaa kidogo kwamba hakuna aliyekushauri ambaye amemtaja. New York inawachosha wazazi kwa karatasi, lakini ni miongoni mwa majimbo machache ambayo mtoto anayesomea nyumbani, akiwa na ule mpango maalumu wa elimu ya mtoto mwenye ulemavu uitwao IEP, na mzazi akiomba kwa maandishi kabla ya Juni 1, ana haki ya huduma za elimu maalumu kutoka wilaya yake. Mtaalamu wa usemi mara mbili kwa wiki unayemwona kama jambo la kawaida, kisheria si la kawaida hata kidogo. Mkivuka kwenda Ohio, mtoto wa nyumbani hahesabiwi kuwa mwanafunzi wa umma wala wa shule binafsi, na wilaya hailazimiki kumpa huduma hiyo. Kentucky na Indiana zinamhesabu kuwa wa shule binafsi. Sheria ya serikali kuu inaitaka wilaya itenge fungu kwa watoto wa shule binafsi wenye ulemavu, ila fungu ni la wote na hakuna mtoto mmoja anayeweza kusema “langu hili”. Unaweza kupata nusu saa kwa wiki, unaweza usipate kitu.

Milango haijafungwa yote. Kwanza, popote mtakapokwenda, wilaya inalazimika na sheria ya serikali kuu kumpima mtoto anayeshukiwa kuwa na shida, hata akisomea nyumbani, tena bila malipo. Pili, Ohio ina ruzuku ya watoto wenye mahitaji maalumu inayoitwa Jon Peterson, ambayo familia zinazosomesha nyumbani nazo zinaweza kuiomba na kulipia tiba. Lakini haianzi bila IEP ya wilaya ya Ohio, na kupimwa hadi IEP kuandikwa ni miezi, si siku. Tatu, kama watoto wamo kwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, tiba ya usemi ambayo daktari ameandika kwamba inahitajika hulipiwa na Medicaid kwa watoto, bila kujali wanasoma wapi. Kwa familia nyingi ninazozijua, mlango huu wa tatu ndio uliofunguka haraka zaidi, kupitia hospitali ya watoto na sio kupitia shule.

Na kabla ya yote hayo: masikio yake yamepimwa lini? Simaanishi yule muuguzi anayeweka kifaa sikioni sekunde mbili. Naulizia kipimo kamili cha kusikia kwa mtaalamu wa masikio. Mtoto mwenye mafua yasiyokwisha anaweza kuwa na maji nyuma ya ngoma ya sikio kwa miaka, akasikia kila kitu kama mtu aliyezama. Kifanyeni Buffalo, sasa, mkiwa bado mna daktari anayewajua.

Haya, tuje kwenye mji. Nitakusimulia kosa langu, maana ndilo lililonifundisha zaidi ya vitabu. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikishauri kwa sheria tu. Mama mmoja wa Kitanzania mwenye watoto wanne aliniuliza kama wewe, nikamwambia Indiana, karatasi hakuna, nyumba nafuu, nendeni. Walipata nyumba nzuri sana, yenye uwanja mkubwa, nje ya mji, mahindi pande tatu. Nilikwenda kuwatembelea mwezi wa Februari, siku ya Jumanne. Mume alikuwa zamu ya mchana. Saa saba gari likaondoka naye na halikurudi mpaka usiku wa manane. Baada ya hapo hakukuwa na basi wala njia ya waenda kwa miguu, barabara ile ni ya malori. Watoto walikuwa wamemaliza masomo mapema, wanaangalia dirishani. Kwenye ubao wa kupigia pasi palikuwa na rundo la vitabu vya maktaba, nikachukua kimoja nikatazama tarehe: kilikuwa kimechelewa wiki tano. Akaniambia, “Mwalimu, si uzembe. Siku gari lipo, maktaba imefungwa. Siku maktaba imefunguliwa, gari halipo.” Nilirudi nyumbani nimenyamaza njia nzima.

Tangu siku ile, mtu akinitajia mji humwambia auone Jumanne ya Februari. Jumamosi ya Juni kila mji wa Marekani unapendeza. Swali ni hili: Jumanne, baridi imekaza, gari limekwenda kazini, wewe na watoto watatu mtafika wapi kwa miguu au kwa basi, na huko mtakapofika mtakuta nani? Mtoto wa shuleni hupelekwa na basi la njano kwa watoto wenzake na kwa mtu mzima wa pili, na kwa uwanja, maktaba, piano iliyopoteza sauti. Anayesomea nyumbani, yote hayo ni mama kuyafuata moja moja. Mji ukiwa umeyaweka mbali, mama anachoka mwezi wa tatu, na anaanza kujilaumu yeye.

Kwa kipimo hicho, Lawrenceburg, mji wa watu takribani 5,000, unaweza kumfaa mwenye magari mawili na moyo wa kijijini. Kwa gari moja, sikushauri. Florence na Hebron, upande wa Kentucky, ziko karibu na kazi kiasi kwamba mumeo angerudi kula mchana, lakini ni miji iliyojengwa kwa ajili ya magari: duka unaliona ng'ambo ya barabara na huwezi kulifikia na mtoto wa miaka 5. Covington ni kitu kingine. Ni mji wa zamani, nyumba zimebanana, maktaba kubwa ya kaunti iko mjini kabisa, na mabasi ya TANK yanavuka mto kwenda Cincinnati na upande wa pili yanafika hadi uwanja wa ndege. Hilo la mwisho lizingatie: kama mumeo anaweza kwenda kazini kwa basi hata siku mbili kwa wiki, umepata gari la pili bila kulinunua. Ila tazama saa za zamu kabla ya kufurahi. Mabasi yanayofaa mchana mara nyingi hayapo saa tisa ya usiku.

Cincinnati, kama ningekuwa mimi, ningetafuta kwanza hapo, kwenye mitaa ya mjini iliyo kwenye njia ya basi linalopita mara kwa mara. Maktaba yake ya mjini ina karakana ya umma ambapo binti yako wa miaka 11 anaweza kushona, kuchapa na kukata mbao chini ya uangalizi, na kadi ni bure kwa mkazi yeyote wa Ohio. Jumba la sanaa la mji halitozi kiingilio cha kawaida. Dayton, mwendo wa saa moja hivi kaskazini, kuna jumba la makumbusho la jeshi la anga, bure pia, ndege zimepangwa humo kama ng'ombe zizini. Wavulana wenu hawatataka kutoka. Halafu kuna sheria mbili za Ohio zinazomhusu binti moja kwa moja. Tangu 2013 mtoto anayesomea nyumbani anaruhusiwa kuingia michezo na shughuli za ziada za shule ya umma ya wilaya yake, akitimiza masharti yaleyale ya wenzake. Na kuanzia darasa la 7 anaweza kuomba nafasi ya kusoma masomo ya chuo yanayolipiwa na jimbo, mpango uitwao College Credit Plus. Miaka miwili tu na binti yako amefika hapo. Huko Kentucky usitegemee michezo ya shule za umma bila kuuliza wilaya kwanza.

Lexington sasa. Yule dada wa pili hakukosea: Wakongomani ni wengi, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika sana katika shule za mji ule. Lakini ni kama kilomita 130 hadi Hebron. Mumeo atakuwa barabarani karibu saa tatu kwa siku, na hilo gari moja litakuwa naye. Watoto watapata Waswahili, watamkosa baba. Kama kazi ingekuwa Lexington, ningekwambia nenda bila kusita. Kwa kuwa iko Hebron, Lexington iwe mji wa kwenda sikukuu. Wazungumzaji wa Kiswahili wapo Cincinnati na upande wa Kentucky pia. Anzia makanisani na kwenye maduka ya unga na dagaa, muulize mwenye duka wateja wake wanakaa mitaa gani. Wenye maduka wanajua kuliko takwimu.

Kuhusu familia nyingine zinazosomesha nyumbani, utazikuta nyingi eneo lile, na vikundi vyao hukutana mara moja kwa wiki, mara nyingi kwenye ukumbi wa kanisa. Kuna vinavyodai mzazi atie sahihi tamko la imani, kuna visivyodai. Kuna vya bure na vya ada. Karibu vyote vinamtaka mama naye afundishe kitu au asimamie watoto. Usiogope hilo la mwisho. Utafundisha Kiswahili, au mapishi, au kushona. Kabla ya kupanga nyumba, piga simu vikundi viwili na uulize swali moja tu: mnakutania wapi na siku gani? Kisha tazama kama basi linafika.

Kiswahili kitabaki kama kitaendelea kuwa lugha ya kazi hapo nyumbani, yaani ya kuulizia na kujibia masomo, pamoja na salamu na karipio. Wewe una nafasi ambayo wazazi wa watoto wa shule wanaililia: saa sita za siku. Kentucky inataka masomo ya shule binafsi yafundishwe kwa Kiingereza, na nyumba yako huko ingehesabiwa hivyo. Haikukatazi kuongeza Kiswahili juu yake. Ohio inataka Kiingereza kiwe mojawapo ya masomo. Kwa huyo wa miaka 8, mtu akikwambia uache Kiswahili ili usemi wake unyooke, usimsikilize. Lugha mbili hazisababishi kuchelewa kusema, na kumnyang'anya mtoto lugha anayobembelezewa hakumpi nyingine.

Huyo wa miaka 5 mwache. Ohio na Kentucky zinaanza kumdai mtoto akifika miaka 6. Ila angalia: ukimwandikisha chekechea ya umma Ohio hata kwa mwezi mmoja wa majaribio, sheria inamhesabu kuwa ameshaanza shule, mpaka umwondoe rasmi baada ya kuzungumza na mwalimu wake na mkuu wa shule.

Mambo ya fedha nitayapitia haraka. Medicaid na SNAP, ule msaada wa chakula, hazihami nanyi. Zinafungwa New York na kuombwa upya kule, na kati ya hapo panaweza kuwa na wiki za ukame, kwa hiyo dawa za mtoto mzichukue kabla. Kama bado hamjawa raia, anwani mpya ipelekwe USCIS, idara ya uhamiaji, ndani ya siku 10. Kodi ya mapato isiwatie shaka: Kentucky ina makubaliano na Ohio na Indiana, kwa hiyo mumeo hulipa kodi ya jimbo pale anapoishi, isipokuwa kodi ndogo ya mahali pa kazi ambayo kaunti ya Kentucky hukata popote ulalapo. Mkataba wa nyumba usizidi mwaka mmoja. Msinunue.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Ukipokea barua ya mahakama kuhusu utoro, au mfanyakazi wa ustawi wa watoto akibisha hodi, tafuta wakili siku hiyohiyo. Ofisi za msaada wa sheria hazitozi familia zenye kipato kidogo, na una haki ya mkalimani. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa kwa sababu aliyeileta ana sura ya upole. Mambo ya IEP pia yanataka mtu wa kukaa nawe mezani: kila jimbo lina kituo cha wazazi wa watoto wenye ulemavu kinacholipiwa na serikali kuu, na msaada wao ni bure. Mtoto akirudi nyuma, akapoteza maneno aliyokuwa nayo, hilo ni la daktari na si la kungoja kuhama.

Sasa tarehe. Aprili ni ya mumeo, si lazima iwe ya nyumba nzima. Mwache atangulie, akodi chumba na wenzake Covington au Cincinnati miezi mitatu, aende kazini kwa basi au kwa gari la wenzake, ili gari lenu libaki kwako. Wewe maliza mwaka Buffalo: ripoti ya nne, tathmini, kipimo cha masikio, vipindi vya usemi hadi Juni. Omba nakala ya IEP na taarifa zote za mtaalamu wa usemi, zichukue mkononi, maana zikitumwa huchelewa. Mkishaondoka, iandikie wilaya ya Buffalo barua fupi kwamba mmehama jimbo, na ndani ya siku 5 za kufika, kama ni Ohio, taarifa iende kwa msimamizi kwa njia ya posta yenye risiti, pamoja na ombi la maandishi la kumpima mvulana. Barua hizo mbili ziende siku moja.

Na huko anakotangulia, mpe kazi moja. Siku yake ya mapumziko ikiangukia Jumanne, aache kulala, apande basi kutoka kila mtaa mnaoufikiria hadi maktaba ya karibu, na akupigie akiwa ndani ya maktaba saa nne asubuhi. Muulize anaona watoto wangapi.